Saa Iliyochelewa Cayenne

Mwashi ajengaye ukuta wa mawe na chokaa hawezi kwenda mbali bila timazi. Hufunga chubwi la risasi katika ncha ya uzi, hulishusha kando ya ukuta, kisha hungoja litulie. Likitulia huwa hakimu asiyepokea rushwa: ukuta uliopinda huonekana kuwa umepinda, hata kama jicho la fundi lilikwisha kuupitisha. Lakini kabla ya kutulia chubwi huyumba huku na huku, na mwashi huhesabu kuyumba huko kuwa hasara ya wakati. Kwa watu wa elimu mambo yalikuwa kinyume. Chubwi lililotulia liliwaambia jambo moja tu, yaani upande wa chini uko wapi. Chubwi lililoyumba liliwapa kipimo cha wakati, na baadaye, bila ya wengi kutazamia, likawapa umbo la dunia. Chombo hicho kikiachwa kiyumbe huitwa pendulamu. Katika saa kubwa ya ukutani ni ule ufito wenye kisahani mwishoni, unaokwenda na kurudi nyuma ya kioo.

Sifa ya kuichunguza kwanza tabia ya chombo hiki hupewa Galileo Galilei wa Italia. Husimuliwa kwamba alipokuwa kijana aliitazama taa ikibembea katika kanisa kuu la Pisa, akaihesabia mibembeo yake kwa mapigo ya mshipa wa mkono wake mwenyewe, akaona kuwa mbembeo mpana na mbembeo mfinyu hutumia muda mmoja. Hadithi ni tamu. Iliandikwa na mwanafunzi wake Viviani baada ya mwalimu kufariki, na taa wanayoonyeshwa wageni wa Pisa ilitundikwa baada ya mwaka unaotajwa katika hadithi yenyewe. Lililo hakika ni barua ambayo Galileo alimwandikia Guidobaldo del Monte mwaka 1602, na ndani yake aliitetea kanuni hiyo kwa majaribio ya nyuzi na vitufe. Waganga wa zama zile walikipokea chombo upesi, wakaigeuza hadithi: badala ya kuipima pendulamu kwa mshipa, wakaupima mshipa wa mgonjwa kwa pendulamu.

Kanuni zake ni chache, na kila mwenye uzi na jiwe aweza kuzijaribu. Uzito wa chubwi haubadili muda wa mbembeo. Jiwe zito na jiwe jepesi huenda pamoja. Mtawala ni urefu. Uzi ukirefushwa mara nne, muda huongezeka mara mbili. Ukirefushwa mara tisa, muda huongezeka mara tatu. Pendulamu yenye urefu unaopungua kidogo mita moja huchukua sekunde moja kwenda na sekunde moja kurudi, nayo huitwa pendulamu ya sekunde. Galileo alidhani kuwa upana wa mbembeo hauna athari yoyote. Hapo alizidisha kidogo: mbembeo mpana huchelewa kuliko mfinyu, ila tofauti yake haionekani upesi kama mibembeo ni midogo. Uzeeni, akiwa amekwisha kuwa kipofu, aliwaza saa itakayoongozwa na pendulamu, lakini mauti yalimfikia mwaka 1642 kabla kazi haijatimia.

Aliyeitimiza alikuwa Mholanzi, Christiaan Huygens, mwishoni mwa mwaka 1656. Saa za magurudumu zilikuwapo Ulaya kwa karne kadhaa, lakini zilikwenda kama punda: leo upesi, kesho polepole, na kupotewa na robo saa kwa siku halikuwa jambo la kushangaza. Huygens aliunganisha magurudumu na pendulamu kwa namna ambayo gurudumu lenye meno liliachiwa jino moja tu kwa kila mbembeo, na kila jino likilipa deni lake kwa kuipa pendulamu msukumo mdogo ili isichoke. Kosa la robo saa likashuka hadi sekunde chache kumi kwa siku. Ni nadra katika historia ya ufundi kwa kitu kimoja kuboreshwa kiasi hicho kwa mara moja.

Saa njema ilipopatikana, wa kwanza kushitakiwa alikuwa jua. Tangu kale adhuhuri ndiyo iliyokuwa kielelezo cha wakati, na saa ilisahihishwa kwa jua kama mtumwa asahihishwavyo na bwana. Sasa bwana alionekana kuwa na ugeugeu. Kutoka adhuhuri hata adhuhuri ya pili si saa 24 kamili kila siku, na tofauti hizo ndogo hujilimbikiza, hata mwanzoni mwa Novemba jua hutangulia saa kwa dakika 16 hivi, na katikati ya Februari huchelewa kwa dakika 14. Wanafalaki walilijua jambo hili kwa hesabu tangu zamani. Pendulamu iliwawezesha kulishika mkononi. Mtu wa pwani ya Afrika Mashariki, ahesabuye saa zake tangu kucha na kuchwa, aweza kuliona bila chombo chochote: nchi yake iko karibu na Ikweta, mchana wake haurefuki wala haufupiki sana, na hata hivyo mapambazuko ya Novemba hutangulia yale ya Februari kwa karibu nusu saa.

Mwaka 1672 Akademia ya Sayansi ya Paris ilimtuma Jean Richer hata Cayenne, katika pwani ya Amerika ya Kusini, kama digrii 5 kaskazini ya Ikweta. Kazi yake kubwa ilikuwa kuitazama sayari ya Mirihi ilipoikaribia dunia, wakati mwenzake Cassini akiitazama kutoka Paris usiku ule ule, ili kutokana na tofauti ya mielekeo miwili upatikane umbali wa sayari, na kwa umbali huo upatikane umbali wa jua. Kazi hiyo ilifanikiwa kwa kadiri ya vyombo vya siku zile; Cassini alitoa hesabu ya karibu kilomita milioni 140, na kweli ni karibu milioni 150. Lakini jina la Richer halikumbukwi sana kwa Mirihi. Hukumbukwa kwa jambo dogo aliloliona kando ya kazi aliyotumwa.

Saa yake ilichelewa. Pendulamu iliyopiga sekunde sawasawa Paris ilikuwa nzito wa mwendo Cayenne, na kila siku saa ilibaki nyuma ya nyota kwa zaidi ya dakika mbili. Ili ishike mwendo wake, ilimpasa aufupishe ufito kwa lini moja na robo, na lini ni sehemu ya kumi na mbili ya inchi ya Kifaransa. Kwa kipimo cha leo ni milimita 2.8. Mtu mwingine angaliufupisha ufito, akashukuru, akaendelea na Mirihi yake. Richer alirudia kipimo hicho kwa miezi kumi, mara kadhaa kila juma. Kisha akauweka urefu wa pendulamu ya Cayenne kwa alama juu ya ufito wa chuma, akarudi nao Ufaransa, ili waliobaki nyumbani waupime kwa macho yao. Kitendo hicho cha mwisho ndicho kinachostahili kusomwa polepole. Alijua kuwa neno lake peke yake halitatosha, akalitafutia shahidi asiyesema.

Na kweli halikutosha. Ilikuwako sababu ya kulikataa, wala sababu hiyo haikuwa ya kipumbavu. Vipimo vya Ulaya vilikuwa vurugu. Futi ya mji huu haikuwa futi ya mji wa pili, na mfanya biashara aliyevuka mto alivuka pia mizani. Wenye hekima walitumaini kwamba pendulamu ya sekunde itakuwa kipimo cha walimwengu wote, kwa kuwa haimtegemei mfalme wala soko. Mtu popote alipo angeweza kuitengeneza kwa uzi, chubwi na nyota. Huygens mwenyewe, katika kitabu chake kikubwa cha saa alichokitoa mwaka 1673, alipendekeza theluthi ya urefu huo iwe futi ya mataifa. Mwaka huo huo Richer alirudi na ufito wenye alama. Kama alama ile ilikuwa ya kweli, basi kipimo cha walimwengu wote kilikuwa kipimo cha mji mmoja mmoja tu, na tumaini zuri lilianguka.

Basi watu wakatafuta kosa. Picard, mpimaji mwangalifu kupita wengi, alikwisha kuipima pendulamu katika kisiwa cha Hven upande wa Denmark, asione tofauti yoyote na Paris. Cassini alishuku kuwa Richer hakupima vizuri. Wengine walisema ni joto: Cayenne ni nchi ya jua kali, na chuma kikipata joto hurefuka, na ufito mrefu huchelewesha saa. Hoja hii ina sura ya kweli, na ndiyo maana yafaa ipimwe badala ya kupendwa au kuchukiwa. Ufito wa chuma wenye urefu wa mita moja huongezeka kama sehemu moja ya mia ya milimita kwa kila digrii moja ya joto. Ili uongezeke milimita 2.8, Cayenne ingelazimika kuwa na joto la kupita lile la Paris kwa digrii zaidi ya 200. Katika joto hilo asingalikuwako Richer wala saa.

Mashahidi wengine walikuja mmoja mmoja. Edmond Halley, aliyekwenda kisiwa cha St Helena kutazama nyota za kusini mwaka 1677, naye alilazimika kuifupisha pendulamu yake. Mwaka 1682 Wafaransa walipima katika kisiwa cha Gorée, katika pwani ya Senegal, na katika visiwa vya Karibi, wakaona mambo yale yale. Huygens alibadili shauri, na kubadili huko kwamletea heshima. Saa zake zilipopelekwa kwa jahazi la Kiholanzi hata Rasi ya Tumaini Jema na kurudi mwaka 1687, hesabu za mahali jahazi lilipopita hazikulingana na ramani mpaka alipoingiza sahihisho la uchelewaji wa pendulamu karibu na Ikweta.

Aliyefunga shauri alikuwa Isaac Newton, katika kitabu chake cha mwaka 1687. Pendulamu huanguka, hukamatwa na uzi wake, hupanda, huanguka tena. Mwendo wake ni mwendo wa uvutano wa dunia uliotiwa hatamu. Ikiwa imechelewa, basi uvutano umepungua. Newton alitoa sababu mbili zinazotoka katika shina moja, nalo ni kuzunguka kwa dunia. Mtu aliyesimama Ikweta huchukuliwa mashariki kwa mwendo wa karibu kilomita 1,670 kwa saa, na kama jiwe ndani ya kombeo huwa na mwelekeo wa kutupwa nje. Mwelekeo huo humpunguzia uzito. Tena dunia yenyewe, kwa kuzunguka hivyo, haikubaki tufe kamili. Imebonyea katika ncha zake na kututumka kiunoni, hata aliyeko Ikweta yuko mbali zaidi na kitovu kuliko aliyeko ncha ya kaskazini. Vipimo vya leo huonyesha kuwa tofauti hiyo ni kilomita 21. Newton aliikadiria kubwa kuliko ilivyo, kwa kuwa alidhani dunia ina uzito mmoja kutoka juu hata ndani. Lakini umbo alilipata. Wafaransa waliobishana naye walituma watu Peru mwaka 1735 na Lapland mwaka 1736 kwenda kuipima nchi yenyewe kwa minyororo na nyota, na majibu yakampa Newton haki. Gharama ilikuwa kubwa, na taabu ya msafara wa Peru yahitaji kitabu chake peke yake. Milimita 2.8 zilikuwa zimekwisha kulisema jambo hilo miaka zaidi ya sitini kabla yao.

Tumaini la kipimo cha mataifa halikufa mara moja. Katika mapinduzi ya Ufaransa, mwaka 1790, lilipendekezwa tena, safari hii kwa pendulamu iliyopimwa katika latitudo moja iliyochaguliwa. Mwaka uliofuata wakaliacha, wakaichukua mita kutoka katika mzunguko wa dunia. Waingereza walikwenda mbali zaidi. Sheria yao ya mwaka 1824 iliamuru kwamba ikiwa yadi ya serikali itapotea, ifanywe upya kwa kutumia pendulamu ya sekunde ya London, yenye inchi 39.1393. Mwaka 1834 majumba ya Bunge yakaungua, na yadi ikaharibika ndani ya moto. Wataalamu walioteuliwa walipoitazama ile namba ya sheria waliona kuwa katika masahihisho yake yamo makosa, nao wakaona ni salama zaidi kuitengeneza yadi mpya kutokana na nakala za ile iliyoungua. Mara chache sheria hujaribiwa na moto kwa maana halisi ya neno, na hii haikustahimili.

Katika kutunza wakati, pendulamu ilitawala zaidi ya miaka 250. Maadui zake walikuwa joto na hewa. George Graham aliweka zebaki katika chombo chini ya ufito, ili ufito ukirefuka kushuka chini zebaki irefuke kupanda juu; John Harrison alisuka fito za chuma na shaba zinazosahihishana. Baharini haikufaa kamwe, kwa sababu jahazi nalo ni pendulamu, tena isiyo na adabu, na Harrison alipopata ushindi wa saa ya mabaharia aliupata kwa gurudumu na kamani. Saa ya Shortt ya mwaka 1921, iliyobembea ndani ya chombo kilichotolewa hewa, ilikosea kama sekunde moja kwa mwaka. Kisha zikaja saa za fuwele, zikaja saa za atomu, na tangu mwaka 1967 sekunde haipimwi kwa dunia wala kwa uzi.

Mwaka 1851 Léon Foucault alitundika kitufe cha kilo 28 kwa waya wa mita 67 katika jumba la Panthéon mjini Paris, akawaalika watu kutazama dunia ikizunguka. Kitufe kilidumu katika njia yake, na sakafu ya watazamaji ikageuka chini yake, mzunguko mmoja kwa karibu saa 32. Muda huo hutegemea mahali. Katika ncha ya dunia ni siku moja. Unguja ungekuwa siku zaidi ya tisa. Mombasa ni kama majuma mawili. Na juu ya Ikweta yenyewe pendulamu haigeuki hata milele. Panapo mstari huo, Nanyuki nchini Kenya na Kayabwe nchini Uganda, wako watu wanaowaonyesha wasafiri maji yakizunguka ndani ya beseni, upande huu hivi na upande wa pili vingine, kwa hatua chache tu za tofauti. Ni mchezo wa mkono mwepesi, kwa kuwa athari ya dunia katika beseni, karibu hivyo na Ikweta, ni ndogo kuliko pumzi ya mtazamaji. Pendulamu ya Foucault ikiletwa hapo isingemvutia mgeni, maana ingenyamaza kabisa. Na kimya hicho ndicho ambacho kingefaa kulipiwa.

Afrika Mashariki haikukosa kupimwa na chombo hiki. Mwaka 1899 na 1900 Ernst Kohlschütter na Hans Glauning walisafiri na pendulamu katika nchi iliyoitwa wakati ule Afrika Mashariki ya Kijerumani. Mwaka 1933 na 1934 Edward Bullard wa Cambridge alizunguka Afrika Mashariki kwa kazi ya namna hiyo hiyo, akachapisha matokeo yake mwaka 1936. Swali lilikuwa juu ya Bonde la Ufa. Pendulamu ilionyesha kwamba juu ya bonde uvutano ni pungufu kuliko unavyopasa kuwa, hata baada ya kuhesabu kimo cha nchi. Maana yake ni kwamba chini yake kuna vitu vyepesi. Bullard alifikiri kuwa kipande cha nchi kimebanwa kutoka pande zote mbili na kushikiliwa chini, kama ubao mwepesi ulioshindiliwa majini na mikono miwili. Hoja ilikuwa imara kwa hesabu, na wengi waliikubali. Leo inajulikana kuwa kinyume chake ndicho kilicho kweli: kingo za bonde zinaachana, kwa milimita chache kila mwaka, na wepesi ule hutokana na mashapo yaliyolijaza bonde na moto ulioko chini yake. Maelezo ya Bullard yaliwekwa kando. Hesabu ya mibembeo haikulazimika kufutwa, kwa kuwa pendulamu ilikuwa imesema kuna upungufu tu, haikusema upungufu huo umetoka wapi.

Wapimaji wa siku hizi hutumia vyombo vya kamani vinavyosomwa kwa dakika chache, na pendulamu imebaki katika maabara za shule na ndani ya saa za wazee. Saa ya namna hiyo iliyosahihishwa London, ikitundikwa Nairobi bila kuguswa, huchelewa zaidi ya dakika mbili na nusu kila siku. Sehemu kubwa ya deni hilo ni ya Ikweta, na iliyobaki ni ya kimo cha mji. Fundi hugeuza parafujo iliyo chini ya kisahani, hukipandisha karibu milimita nne, hungoja siku mbili au tatu akiilinganisha na saa nyingine, kisha hufunga kioo.